Bastola ya Marehemu Baba: Namna ya Kuitambua na Kukadiria Umri Wake

Huku kwetu Dodoma, Kondoa na Manyoni, chuma chochote cha zamani ni "cha Mjerumani". Nyumba ya mawe ya Mjerumani, daraja la Mjerumani, na bastola iliyokutwa chini kabisa ya sanduku la bati la marehemu nayo itaitwa ya Mjerumani kabla hata mtu hajaigeuza upande wa pili. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingine, ukiisoma vizuri, chuma chenyewe kinasema Birmingham, Liège au Springfield, na hadithi ya nyumbani inabidi ianze upya.

Mwongozo huu ni wa rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ile yenye vyumba vitano, sita au saba vya risasi. Bastola za magazini zina mambo yake, sizigusi hapa.

Kabla ya yote: iache ilipo

Ukiikuta wakati mnapanga vitu vya marehemu, usivute nyundo (kile kidude cha nyuma kinachoipiga risasi) "kuona kama bado inafanya kazi". Risasi ya miaka themanini inaweza kugoma, na inaweza pia kulia. Watoe watoto chumbani, funga sanduku, mjulishe msimamizi wa mirathi au mkubwa wa familia. Basi. Hakuna alama itakayofutika kwa kusubiri siku mbili.

Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu kwa jina lake. Hairithiwi pamoja na ng'ombe na shamba. Sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwenye leseni akifariki, silaha inapaswa kufika mikononi mwa polisi wakati familia inaamua la kufanya. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kisha piga simu au nenda kituoni mikono mitupu, uombe askari waje kuichukua. Usiivingirishe kwenye khanga ukapanda nayo bodaboda kwenda mjini: ukisimamishwa njiani utaanza kujieleza, na maelezo ya "nilikuwa naipeleka" hayana ushahidi. Wakiichukua, omba hati ya kupokelewa yenye aina ya silaha na namba yake, na nakala uiweke kwenye jalada la mirathi.

Kama hakuna karatasi hata moja inayoonyesha mzee aliimiliki kihalali, usiizike shambani wala kuitupa kisimani. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila mtu kushtakiwa. Nje ya vipindi hivyo, nenda ukiwa na kiongozi wa mtaa, au na wakili kama uwezo upo.

Nalisema na hili kwa sababu watu wengi huanzia kwenye simu zao: utasoma mahali kwamba bastola iliyotengenezwa kabla ya 1899 haihitaji leseni. Hiyo ni sheria ya Marekani. Dodoma haikuhusu kitu, na uzee wa bastola usikufanye uione kama pambo la ukutani.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya chuma

Wakati silaha ipo kituoni, kazi kubwa unaweza kuifanya nyumbani. Tafuta kitabu cha leseni cha mzee, stakabadhi za malipo ya kila mwaka, na karatasi yoyote ya mwaka 2016, kwa maana mwaka huo lilifanyika zoezi la kuhakiki silaha za raia nchi nzima na wazee wengi walikwenda kujiandikisha upya. Kitabu cha leseni kwa kawaida kitakutajia aina, kaliba (yaani kipenyo cha risasi) na namba. Hapo umeshavuka nusu ya safari bila kushika bastola.

Angalia kama kuna namba inayoanza na TZ CAR. Ndiyo hiyo unayoisikia kwenye taarifa za polisi kila silaha inapokamatwa. Ni namba ya usajili wa hapa nchini, na mara nyingi hugongwa kwenye chuma chenyewe. Watu huichukua namba hii wakaitafuta kwenye orodha za viwanda vya nje, wakapata mwaka wa ajabu. Itenge pembeni. Inakwambia silaha imesajiliwa Tanzania; umri wake haiujui.

Kusanya na vilivyokaa pamoja nayo: mfuko wake, kamba yake, vyeti vya utumishi vya jeshi au polisi, picha. Mifuko ya turubai ya jeshi la Uingereza hugongwa jina la mtengenezaji na mwaka. Mwaka huo ni wa mfuko. Bastola ya 1918 inaweza kulala kwenye mfuko wa 1942, kwa hiyo uandike tu kwenye daftari, usiufanye hukumu.

Kisha kaa na wazee. Uliza shangazi, uliza baba mkubwa, lakini uliza maswali madogo: mzee aliipata kwa nani, alikuwa anafanya kazi wapi mwaka huo, nani mwingine aliiona. Ukiuliza "hii bastola ilitoka wapi?" utajibiwa neno moja, na unalijua tayari.

Hatua ya pili: picha zinazosomeka

Omba kituoni mtunza ghala la silaha aifungue, ahakikishe vyumba vyote ni vitupu, kisha akuruhusu kupiga picha yeye akiwepo. Wengi hawakatai ukieleza ni kwa ajili ya mirathi, hasa ukienda na barua ya msimamizi.

Piga karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavuni. Usitumie mwanga wa simu, unaua herufi. Pande zote mbili. Juu ya mtutu. Chini ya mpini. Uso wa nyuma wa silinda. Ubavu wa mtutu unaofunikwa silinda ikiwa imefungwa. Weka rula ya chuma kwenye kila picha.

Alama zilizofifia zina dawa yake: chaki nyeupe ya shuleni. Pakaza kidogo juu ya alama, futa kwa kitambaa kikavu, na unga utabaki ndani ya mashimo ya herufi. Kitu kilichokuwa kivuli cha duara kinageuka kuwa taji lenye herufi chini yake. Usitumie msasa, usitumie brashi ya waya, wala usimpe fundi wa kuchomelea "aing'arishe kidogo". Milimita ndogo kabisa ya chuma ikiondoka, ushahidi wote umekwenda nayo. Kutu ikiwa inazidi, mwombe mtunza ghala apitishe tone la mafuta ya cherehani kwa kitambaa laini. Na mfuko wa ngozi ukae mbali nayo, maana ngozi hushika unyevu na chumvi zikakila chuma taratibu, hata kwenye ukavu wa Dodoma.

Hatua ya tatu: umbo

Kabla ya kusoma herufi, jiulize swali moja: silinda inajazwaje? Kuna njia tatu utakazokutana nazo.

Ya kwanza, fremu, yaani kiunzi kinachoshika silinda na mtutu, ni nzima na upande wa kulia nyuma ya silinda kuna kijilango kidogo. Risasi huingizwa moja moja. Hapa wapo rivolva za jeshi la Kijerumani za 1879 na 1883, Nagant ya Kirusi, na vibastola vingi vya Kibelgiji vya mtutu mfupi.

Ya pili, bastola inakunjuka, mtutu unashuka chini na maganda yanarushwa nje yote kwa pamoja. Webley na Enfield za Uingereza ziko humu.

Ya tatu, silinda inatoka nje kuelekea kushoto. Hapa tuko Marekani au kwa waigaji wa Hispania. Colt ilianza mtindo huu 1889, Smith & Wesson 1896, kwa hiyo bastola ya namna hii haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo hata kama imechakaa namna gani. Kuzitofautisha hizo mbili ni rahisi: kitufe cha Colt huvutwa nyuma, cha Smith & Wesson husukumwa mbele.

Uchakavu, nasisitiza, haupimi miaka. Bastola ya 1943 iliyokaa kwenye tembe lenye mchwa itaonekana kongwe kuliko ya 1885 iliyopakwa mafuta kila mwezi.

Hatua ya nne: alama, nchi kwa nchi

Hapa ndipo penye utamu, na hapa usikimbie.

Uingereza. Tafuta mshale mpana wenye vidole vitatu, unaofanana na unyayo wa kuku. Ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili ya namna hiyo imetazamana ncha kwa ncha, silaha iliondolewa jeshini na kuuzwa kihalali. Hiyo ni habari njema kwa familia: inaonyesha haikuibwa ghalani.

Jina la kampuni ya Webley nalo ni kalenda. "P. Webley & Son" ni kabla ya 1897. Mwaka huo kampuni ziliungana zikawa Webley & Scott Revolver and Arms Company, na 1906 jina likafupishwa kuwa Webley & Scott Limited. Zile kubwa za jeshi za kaliba .455 zina namba ya toleo juu ya fremu: Mark I ilipokelewa 1887, Mark IV 1899, Mark V 1913, Mark VI 1915. Mark VI utaitambua kwa mpini wa mraba. Zilizotangulia mpini wake umejipinda mithili ya mdomo wa ndege. Mark VI nyingi zina mwaka kamili umegongwa ubavuni, kazi kwisha.

Enfield ni ndogo zaidi, kaliba .38, ilipokelewa 1932. Upande wa kulia chini ya nyundo kuna neno ENFIELD, No 2, toleo na mwaka. Ukiona nyundo haina kidole cha kuvutia, imekatwa laini, hilo ni toleo la Mk I* la kuanzia 1938, lililotengenezwa hivyo ili nyundo isinase ndani ya vifaru. Nyingi za zamani zilibadilishwa nyundo zilipopelekwa matengenezo. Kwa hiyo fremu ya 1934 yenye nyundo laini si ya kughushi; ni ya 1934 iliyorudi kiwandani. Webley nayo ilitengeneza .38 yake, Mark IV, na zile za wakati wa Vita vya Pili zina maneno WAR FINISH kwa sababu hawakuwa na muda wa kuzing'arisha.

Ukikuta maneno NOT ENGLISH MAKE, usishangae. Waingereza waligonga hivyo kwenye silaha za nje zilizopimwa uimara kwao kati ya 1925 na 1955.

Ujerumani. Rivolva ya kweli ya jeshi la Mjerumani ni nzito, ina vyumba sita, kaliba ya milimita 10.6, na ina kitu ambacho rivolva nyingine karibu zote hazina: kifungio cha usalama, cha kuzuia isifyatuke, upande wa kushoto. Haina kifaa cha kutoa maganda. Askari aliyasukuma moja moja kwa kijiti. Ya 1879 ina mtutu mrefu wa sentimita 18 hivi, ya 1883 ni fupi. Tafuta duara la yai lenye jina la mtengenezaji: ERFURT chini ya taji, DREYSE wa Sömmerda, au mchanganyiko wa herufi unaomalizikia na SUHL. Za Erfurt hugongwa na mwaka. Bastola za kiraia za Kijerumani zina herufi za upimaji B, U na G, kila moja na taji lake. Upimaji huo ulianza kutumika 1893, na herufi N yenye taji ikaongezeka karibu na 1911.

Ubelgiji. Wabelgiji waliuza bastola dunia nzima, na vibastola vyao vya bei nafuu ndivyo vinavyodanganya watu zaidi kwa kuwa mara nyingi havina jina la mtengenezaji kabisa. Lakini kila kimoja kilipita kwenye nyumba ya upimaji ya Liège. Tafuta kwenye silinda duara la yai lenye herufi ELG na nyota. Bila taji ni kabla ya 1893, likiwa na taji ni kuanzia mwaka huo. Karibu yake kuna herufi moja ya mkaguzi: ikiwa na taji juu yake ni kabla ya 1877, ikiwa na nyota ni baada. Kuanzia 1922 wakaongeza herufi ya mwaka, a ikiwa 1922.

Marekani. Juu ya mtutu kuna mstari wa tarehe za hataza, yaani haki za uvumbuzi (patent). Tarehe ya mwisho ndiyo muhimu: silaha haikutengenezwa kabla yake, ingawa inaweza kuwa miaka ishirini baada. Smith & Wesson za Vita vya Pili zilizopelekwa kwa Waingereza zina rangi ya kijivu isiyong'aa, pete ya kamba chini ya mpini, na namba inayoanza na V. Hizo ni za 1942 hadi 1945. Namba halisi ya Smith & Wesson ya zama hizo iko chini ya mpini. Ile utakayoikuta kwenye bawaba ya silinda mara nyingi ni namba ya mafundi wa kuunganishia, achana nayo.

Hispania. Kwa macho ni Smith & Wesson, lakini jina ni la mji wa Eibar. Waingereza wenyewe walizinunua 1915 walipopungukiwa. Zilizotengenezwa baada ya 1927 zina herufi ya mwaka, A ikiwa 1927.

Urusi. Nagant ya 1895 ina vyumba saba na mwaka wake umegongwa kushoto mwa fremu. Nyota yenye mshale ndani ni kiwanda cha Tula baada ya mapinduzi. Ukiikuta wilayani Kongwa, kumbuka kwamba kuanzia 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Sisemi yako ilitoka huko. Ila swali hilo polisi watakuuliza, bora ujiandae.

Hatua ya tano: fungua dirisha, kisha lifunge

Sasa una alama kadhaa, kila moja na mwaka wake. Alama mpya kuliko zote iliyogongwa kiwandani ndiyo inayofungua dirisha: silaha haiwezi kuwa ya kabla yake. Alama ambayo ingetakiwa kuwepo lakini haipo ndiyo inayolifunga.

Tuseme familia moja ya Kondoa ina kibastola cha vyumba vitano, mtutu wa vidole vitatu, hakina jina. Chaki inatoa ELG ndani ya yai, juu yake taji. Basi ni 1893 au baadaye. Herufi ya mkaguzi ina nyota, inakubaliana. Herufi ya mwaka hakuna, silinda yote imekaguliwa kwa lenzi, hakuna. Basi ni kabla ya 1922. Jibu la haki ni hili: kimetengenezwa Liège kati ya 1893 na 1922. Usiandike "1905" kwa sababu linapendeza. Na angalia: bibi aliyesema ni cha Mjerumani anaweza kuwa sahihi bado, maana mlowezi au karani wa Kijerumani aliweza kukinunua. Kilichotengenezwa Ubelgiji na kilichomilikiwa na Mjerumani vinaweza kuwa kitu kimoja.

Kama alama mbili zinapingana, kwa mfano namba ya silinda haifanani na ya fremu, hapo kuna kipuri kimebadilishwa. Fremu ndiyo silaha. Tarehe ya fremu ndiyo tarehe.

Hatua ya sita: sasa pima hadithi

Hapa ndipo historia ya mkoa wetu inapokuwa na kazi. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa Aprili 1916 na Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Webley Mark VI yenye 1915 ubavuni, inayosemekana iliokotwa baada ya vita vya Kondoa, ni hadithi inayowezekana. Webley hiyohiyo ikiwa na 1917, haiwezekani, hata kama babu aliapa.

Hadithi nyingine inayorudiwa ni ya babu askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyerudi na bastola kutoka Burma. Askari wa kawaida alibeba bunduki. Rivolva ilikuwa ya maofisa na wachache wenye kazi maalumu. Cheti chake cha utumishi kitasema cheo. Kama hakikuwa cha kubeba bastola, tafuta njia nyingine, na mara nyingi ipo karibu: mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947, ulileta Wazungu wengi waliotoka jeshini, na ulipoporomoka waliondoka. Mzee aliyekuwa dereva au mpishi huko, na Enfield ya 1941, na leseni ya miaka ya hamsini: hapo mambo yanashikana yenyewe.

Hatua ya saba: uthibitisho wa nje

Kama ni Smith & Wesson au Colt, kumbukumbu za viwanda zipo na kwa malipo utatumiwa barua. Tuma namba ya fremu, kaliba, urefu wa mtutu, rangi ya chuma, aina ya mpini na picha zako. Barua itakupa tarehe ambayo silaha ilitoka kiwandani na ilipelekwa kwa nani. Hiyo ni tarehe ya kusafirishwa. Kutengenezwa kunaweza kuwa kulitangulia kwa miezi. Picha za namba usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kwani namba ya silaha halali mikononi mwa mhalifu ni matatizo ya mirathi yenu.

Familia ikitaka silaha ibaki kwenu, mmoja wenu aombe leseni kwa jina lake, kuanzia serikali ya mtaa na kata hadi kwa mkuu wa polisi wa wilaya na ngazi za juu. Ikiwa hakuna anayetaka, na uchunguzi wako umeonyesha ina historia, andika kupitia polisi kuuliza kama Makumbusho ya Taifa wangeipokea kabla haijapangiwa kuharibiwa. Ambatanisha ukurasa mmoja: aina, alama zote ulizozisoma na mahali zilipo, dirisha la miaka, namba ya kiwanda na ya usajili zikiwa zimetenganishwa, na chini kabisa, kwa maneno ya aliyeisimulia, hadithi ya familia pamoja na jina lake na tarehe aliyoisimulia.